Kazi ya ubunifu ya watu wengi kwenye faili moja: mwongozo kwa timu za Mbeya, Njombe na Iringa

Timu nyingi za ubunifu huku Nyanda za Juu Kusini hazikai ofisi moja. Dizaina yuko Mwanjelwa jijini Mbeya, mpiga picha yuko Njombe, anayeandika maneno yuko Iringa na mchana ana kazi nyingine, na mteja mwenyewe yuko shambani, mahali ambapo mtandao unashika akisogea karibu na barabara. Kinachowaunganisha ni grupu la WhatsApp. Lebo inatumwa humo, inajibiwa kwa sauti, inarudi ikiwa na jina jingine, na siku ya kuchapa hakuna mwenye uhakika ni ipi iliyokubaliwa.

Programu za kufanyia kazi pamoja mtandaoni zimeshapita hapo. Watu watano wanaweza kufungua mchoro uleule, kila mmoja na simu au kompyuta yake, wakaona mabadiliko yanapotokea na kuacha maoni juu ya kitu chenyewe. Kampuni zinazozitengeneza huongeza vipya kila mara, na ukivikimbiza vyote utachoka kabla hujamaliza kazi ya mteja mmoja. Mimi hupima kila kipya kwa maswali mawili. Je, kinatusaidia kubaki na nakala moja tu ya kazi? Je, kinatusaidia kuweka maoni yote mahali pamoja? Kisipofanya hata kimojawapo, kinaweza kusubiri.

Ili tusiongee hewani, tuchukue kazi moja ya mfano. Kikundi cha wakulima wa parachichi mkoani Njombe kinataka vitu vitatu: lebo ya boksi, bango la banda lao kwenye maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, na video ya sekunde 60. Timu ina dizaina, mpiga picha, mhariri wa video na mwandishi, na upande wa pili yuko katibu wa kikundi anayeongea kwa niaba ya wakulima. Kazi inaanza Juni. Tarehe 8 Agosti haisogezwi na mtu.

Hatua ya 1: Chagueni mahali pa kazi, pasizidi patatu

Maneno yakae Google Docs. Michoro ikae Figma au Canva. Video ya kukaguliwa ikae Frame.io. WhatsApp ibaki kwa kuitana na kukumbushana: "Maoni yako yanasubiriwa", "Nimeshabadilisha, angalia". Faili la kazi lisipite humo, isipokuwa mtandao umegoma kabisa. Na likipita, litumwe kama hati badala ya picha, maana picha ikitumwa kama picha inabanwa na kupoteza ubora. Tangu 2022 WhatsApp inapokea hati hadi 2 GB, hivyo usiseme ni kubwa mno.

Kuhusu Figma na Canva watu hubishana sana. Figma ilianzishwa 2012 na kufunguliwa kwa umma 2016, ikiwa imejengwa tangu mwanzo kufanya kazi ndani ya kivinjari. Huhitaji kusakinisha kitu, na kompyuta ya kawaida yenye Chrome inatosha kwa kazi nyingi. Mwaka 2021 ikaongeza FigJam, ubao wa kubandika mawazo, na 2025 ikatoa zana kadhaa kwa mpigo, zikiwemo Figma Draw ya kuchorea na Figma Buzz ya kutoa matangazo mengi kutoka kiolezo kimoja. Canva, ya Australia, ilianza 2013 na nguvu yake ni kwamba mtu asiye dizaina anaielewa siku hiyohiyo. Mwaka 2022 iliongeza ubao mweupe na hati za maandishi.

Ushauri wangu ni huu: kitu ambacho mteja atakibadilisha mwenyewe baadaye, mfano tangazo la bei ya wiki, kitengenezwe Canva. Kitu ambacho hakitakiwi kuguswa kikishakubaliwa, kama nembo na lebo, kikae Figma. Anayetaka programu huria kabisa, ambayo anaweza hata kuiweka kwenye seva yake, ajaribu Penpot. Inafanya mengi ya Figma na unaweza kuitumia bure.

Hatua ya 2: Akaunti, folda na ruhusa

Fungueni akaunti ya timu. Msiweke kazi kwenye barua pepe binafsi ya mwenzenu mmoja, kwa sababu siku akipata ajira Dodoma ataondoka na kila kitu, hata kama hana nia mbaya. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, na zile namba za akiba za kuingilia ziandikwe kwenye karatasi inayotunzwa na watu wawili. Laini ya simu hupotea, na ikipotea bila namba hizo mtasota kuirudia akaunti.

Google Drive ya bure ina 15 GB, lakini nafasi hiyo inatumiwa pia na Gmail na Google Photos. Kwa hiyo kwenye akaunti ya timu zimeni kabisa uhifadhi wa picha wa simu wa moja kwa moja. Ndani ya Drive fungueni folda moja ya kazi, na ndani yake nne: maneno, picha, michoro iliyokubaliwa, na video. Mkizidisha, watu wataanza kutafuta.

Ruhusa ndiyo sehemu inayopuuzwa na ndiyo inayoharibu kazi. Karibu kila programu ina ngazi tatu: kutazama, kutoa maoni, na kuhariri. Mwandishi ahariri hati ya maneno, lakini kwenye mchoro atoe maoni tu. Katibu wa kikundi atoe maoni kote na asihariri popote. Wenzake kwenye kamati watazame. Linki ya kuhariri isiwekwe kamwe kwenye mpangilio wa "yeyote mwenye linki", kwani ikisambazwa kwenye grupu la wakulima 80, mjukuu wa mtu anaweza kufuta lebo nzima akichezea simu.

Hatua ya 3: Kikao kifupi kwenye ubao

Fungueni ubao wa FigJam au wa Canva, kila mtu abandike vikaratasi: nani atanunua, anajua nini kuhusu parachichi za Njombe, boksi linaonekana wapi kwanza. Saa moja inatosha. FigJam ina saa ya kuhesabu dakika na kura za kubandika juu ya wazo, na vyote viwili vinasaidia kumaliza ubishi. Mtandao ukiwa mbovu jioni hiyo, fanyeni kwenye karatasi kisha mpige picha na kuibandika ubaoni. Hakuna kilichopungua.

Hatua ya 4: Maneno yatangulie

Dizaina akianza kabla ya maneno kukubaliwa, atapanga lebo kwa sentensi fupi, kisha aletewe ndefu. Kwa hiyo mwandishi afungue hati moja ya Google Docs yenye maneno yote: ya lebo, ya bango, na ya video sekunde kwa sekunde.

Kisha kila mwingine afanye kazi kwenye hali ya mapendekezo. Juu kulia kuna alama ya kalamu. Ibonyeze, badilisha kutoka kuhariri kwenda kupendekeza. Kuanzia hapo ukifuta neno halifutiki, linakatwa mstari na neno lako linatokea kwa rangi nyingine, na mwandishi ndiye anayekubali au kukataa. Tuseme mwandishi ameweka "Parachichi bora kutoka Njombe". Katibu anapendekeza "Parachichi za Hass, zimechumwa Njombe", na pembeni anaeleza: "Wanunuzi wa nje wanauliza aina kwanza. Bora kila mtu anasema." Pendekezo kama hilo linaonekana na wote, linajibika, na hata baada ya kukubaliwa historia yake inabaki. Likitolewa kwa simu, wa kulikumbuka ni mmoja tu.

Ukitaka kumpa mtu kazi ndani ya maoni, andika alama ya @ na anwani yake, kisha weka tiki kwenye kisanduku cha kumkabidhi. Atapata barua pepe, na kazi haifungwi hadi aweke alama kwamba imeisha. Kwa timu isiyoonana, hiki kitu kidogo kinafanya kazi ya msimamizi.

Mambo mawili ya kuweka mapema: washeni matumizi ya nje ya mtandao kwenye mipangilio ya Drive, kwa kutumia Chrome au Edge, mkiwa bado na mtandao, ili umeme au bando likikatika hati iendelee kufunguka na mabadiliko yapande baadaye. Pili, maneno yakikubaliwa, ingieni menyu ya faili, historia ya matoleo, mlipe toleo hilo jina: "Maneno yaliyokubaliwa na kamati, 14 Juni". Atakayebadilisha baada ya hapo ataonekana alichobadilisha na lini.

Hatua ya 5: Mchoro mmoja, maoni juu yake

Hapa dizaina ndiye mwenye nyumba. Aanze na fonti. Figma ina fonti za Google ndani yake tayari. Akitumia mojawapo ya hizo, kila mtu ataona maandishi yaleyale popote alipo. Akitumia fonti aliyoipakua kwenye kompyuta yake, mwenzake wa Iringa ataambiwa fonti haipo, na akijaribu kugusa maandishi yale mambo yataharibika. Nembo ya kikundi, rangi na mtindo wa herufi azifanye kuwa vijenzi vya kurudiwa, ili nembo ikibadilishwa mara moja ibadilike kwenye lebo na kwenye bango kwa pamoja.

Picha zipunguzwe kabla ya kuwekwa kwenye mchoro wa majadiliano. Picha ya kamera ikiingia nzima, kila atakayefungua faili ataivuta kwa bando lake. Upana wa pikseli 1,500 hadi 2,000 unatosha kwa kukubaliana, na picha kamili itaingia mwisho.

Mtandao ukikatika katikati ya kazi na faili lilikuwa tayari wazi, usifunge. Endelea. Figma inatunza mabadiliko kwenye kompyuta hiyohiyo na kuyapandisha mtandao ukirudi. Cha kuepuka ni kufuta kumbukumbu za kivinjari kabla hayajapanda.

Figma ina uwezo wa kutengeneza matawi, yaani kujaribu mabadiliko pembeni kisha kuyaunganisha na faili kuu, lakini uko kwenye vifurushi vya bei kubwa. Timu ndogo haihitaji kulipia. Ongeza ukurasa mpya ndani ya faili lilelile, uuite "Majaribio", nakili lebo humo, vuruga utakavyo. Ukurasa wa kwanza uitwe "Unaoangaliwa na mteja" na usiguswe ovyo. Kila unapofika hatua ya kuonyesha mtu, bonyeza Ctrl, Alt na S kwa pamoja, andika jina la toleo na kilichobadilika. Kifurushi cha bure kinakuonyesha historia ya siku 30, kwa hiyo kazi inayovuka mwezi itolewe nakala ya PDF ya kila hatua iliyokubaliwa.

Sasa maoni. Kwenye Figma anayetoa maoni anahitaji akaunti, ambayo ni bure, na kwenye simu kuna programu yake ya kutazama na kuandika maoni. Usitegemee kamati nzima ifungue akaunti. Kikundi huwa na katibu. Mfundishe yeye peke yake, kwa subira, simu kwa simu. Ujumbe wa kumtaarifu mwenyekiti unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mzee. Lebo iko tayari kuangaliwa. Katibu anayo linki, tunaomba mkae naye muipitie pamoja, aguse mahali mnapotaka pabadilishwe na kuandika. Tutashukuru tukipata maoni kabla ya Alhamisi jioni. Kama ni rahisi kwako kutuma kwa sauti, tuma tu mzee, sisi tutayaandika mahali pake."

Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Wazee wengi wanaeleza vizuri kwa sauti, na kuwalazimisha kuandika ni kukosa maoni yao ya maana. Mpangie mtu mmoja wa timu kazi ya kusikiliza kila sauti na kuhamishia yaliyomo kwenye mchoro, kila hoja mahali pake, siku hiyohiyo, akitaja nani kasema. Bila mtu huyo, mtarudi kwenye grupu la WhatsApp ndani ya wiki moja.

Mfundisheni pia katibu namna ya kutoa maoni yanayofanyiwa kazi. "Ipendezeshe zaidi" haina pa kushikia. "Jina la kikundi halisomeki boksi likiwa limepangwa chini" linamwambia dizaina kila kitu. Maoni yakishafanyiwa kazi yafungwe kwa alama ya tiki; yasipofungwa, baada ya siku chache hakuna atakayejua kipi kimebaki.

Hatua ya 6: Video bila kumaliza bando

Hapa ndipo fedha inapotea. Tupige hesabu. Kamera nyingi za kisasa hurekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde. Gawa kwa 8, ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, sawa na MB 750 kwa dakika. Mpiga picha akirudi na dakika 20 tu za shambani, ana 15 GB, na Drive yenu ya bure imejaa siku ya kwanza. Kupandisha mzigo huo kwa mtandao wa simu ni kuchoma hela.

Dawa yake ni nakala nyepesi, ambazo wahariri huziita proksi. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri yenye toleo la bure lenye uwezo mkubwa, inazitengeneza yenyewe, na tangu toleo la 18 la mwaka 2022 inakuja na kitengeneza proksi kinachofanya kazi peke yake: unakionyesha folda, kinatoa nakala nyepesi za klipu zote zilizomo. Nakala hizo zikiwa za megabiti 8 kwa sekunde, dakika ileile ya MB 750 inakuwa MB 60, na zile dakika 20 zinashuka hadi GB 1.2. Hiyo inapanda usiku mmoja, hasa kama mtandao wako una bando la usiku.

Utaratibu uende hivi. Mpiga picha akiwa Njombe anaziweka klipu zote kwenye diski mbili kabla ya kufuta kadi. Anatengeneza proksi usiku huo na kuzipandisha kwenye folda ya video. Asubuhi diski moja inasafirishwa kwa basi kwenda Mbeya kupitia Makambako, ikiwa imefungwa vizuri na ina jina na namba ya mpokeaji. Diski ya pili inabaki kwake hadi kazi iishe. Mhariri haisubiri diski. Anaanza kukata kwa proksi, na ikifika anaunganisha mradi na klipu za asili, kila mkato unabaki ulipokuwa. Sharti ni moja na halina mjadala: majina ya mafaili yasibadilishwe na mtu yeyote njiani. Anayetaka kupanga vizuri apange kwa folda.

Resolve ina pia huduma ya wingu inayoruhusu wahariri wawili kufungua mradi mmoja kwa wakati mmoja, mmoja akikata na mwingine akisawazisha rangi, kwa malipo ya kila mwezi. Kwa video ya sekunde 60 ni anasa. Kwa makala ndefu ya hifadhi za Ruaha au Kitulo, ambayo wahariri wake wako Iringa na Mbeya, inafaa kulipiwa.

Mkato wa kwanza ukikamilika, toeni nakala ya 720p kwa megabiti 5 kwa sekunde. Sekunde 60 ni kama MB 38. Ipandisheni Frame.io, ambayo Adobe iliinunua 2021 na kuifanyia ukarabati mkubwa 2024. Akaunti ya bure ina GB 2, zaidi ya mnavyohitaji. Uzuri wake ni kwamba anayekagua hahitaji akaunti. Anafungua linki kwenye simu, video inacheza, anaisimamisha mahali penye tatizo, anaandika, na maoni yanabandikwa kwenye sekunde ileile. Anaweza hata kuchora duara juu ya picha.

Ona tofauti. Kwenye WhatsApp mtu ataandika: "Pale maandishi yanapotokea siyo sawa." Maandishi yanatokea mara sita. Kwenye Frame.io maoni yanasomeka hivi: sekunde ya 14, duara limezunguka kona ya chini, "Maandishi yamemfunika mama anayechuma, uso wake hauonekani." Mhariri anabonyeza maoni, video inaruka hadi sekunde ya 14, anasogeza maandishi juu, amemaliza. Toleo la pili linapandishwa juu ya la kwanza ili yakae kama rundo moja chini ya linki ileile, na mnaweza kuyaweka mawili ubavuni kulinganisha. Anayehariri kwa CapCut au Premiere afanye vivyo hivyo. Mahali pa kupokea maoni hapategemei programu ya kukatia.

Hatua ya 7: Kukubaliwa kuwe kwa maandishi

"Safi sana" kwenye grupu si idhini. Chagueni mtu mmoja upande wa mteja mwenye mamlaka ya kusema ndiyo, na aandike ndani ya faili lenyewe: jina lake, toleo gani, tarehe. Mfano: "Nimekubali lebo toleo la 5, kwa niaba ya kamati, 3 Julai." Baada ya hapo mabadiliko yoyote ni kazi mpya, na bei yake ijadiliwe kwa heshima lakini ijadiliwe.

Hatua ya 8: Akili bandia, kwa mipaka

Figma na Canva sasa zina akili bandia ndani. Canva ilizikusanya zake chini ya jina Magic Studio mwaka 2023, na mwaka huohuo Photoshop ikapata uwezo wa kujaza sehemu ya picha kwa maelezo. Zinafaa kwa kazi za kuchosha: kuondoa mandharinyuma, kurefusha anga ili bango lienee, kupanga vikaratasi 60 vya ubaoni katika makundi.

Kwa maneno ya Kiswahili, chukueni kilichotolewa na akili bandia kama rasimu na mwandishi akiandike upya. Kiswahili chake mara nyingi kinanyooka kisarufi lakini hakina mtu ndani, na majina ya vijiji au maneno ya Kibena na Kinyakyusa yanaharibika ovyo. Na picha ya parachichi kwenye lebo iwe ya parachichi za kikundi hicho. Mnunuzi anaamini anachokiona kwenye boksi. Kumwonyesha tunda ambalo halijawahi kuota popote ni kumdanganya, na mimi sikubaliani nalo kabisa.

Kuna swichi ya kuangalia leo hii. Tangu Agosti 2024, timu za Figma zilizo kwenye kifurushi cha bure na kile cha kwanza cha kulipia zimewekewa ruhusa ya kazi zao kutumika kufundishia akili bandia, mpaka msimamizi azime. Ingieni mipangilio ya timu, tafuteni sehemu ya akili bandia, mzime, kisha mmwambie mteja mmefanya hivyo. Kazi ambayo bado haijatoka ni mali yake.

Picha za watu zina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na uso wa mkulima ni taarifa yake. Mpiga picha abebe fomu fupi ya ridhaa kwa Kiswahili, aisome kwa sauti kwa asiyesoma, na nakala zilizosainiwa ziwekwe kwenye folda ya picha ambayo wanaoifungua ni wachache.

Hatua ya 9: Kupeleka kwa mchapaji

Figma inafanya kazi kwa rangi za skrini. Mchapaji anatumia wino wa rangi nne, na kijani cha parachichi ni miongoni mwa rangi zinazobadilika vibaya zikihamishwa bila uangalizi. Toeni mchoro wa Figma kama PDF au SVG, mfungue kwenye programu ya kuchorea kama Illustrator ya Adobe au Affinity, mgeuze rangi huko na kuziangalia moja moja. Affinity ilinunuliwa na Canva 2024 na tangu mwishoni mwa 2025 inatolewa bure, jambo zuri sana kwa timu isiyo na bajeti ya Adobe. Kabla ya maboksi yote, ombeni mchapaji atoe moja la majaribio, mlitazame mchana, nje ya duka.

Kwa bango la upana wa mita 3, kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya pikseli 6,000 kwa upana, yaani kama pikseli 50 kwa inchi. Kwa mtu anayelitazama kutoka njiani kati ya mabanda inatosha. Maandishi na nembo vibaki kuwa vekta, yaani michoro inayokuzwa bila kupoteza ubora, visigeuzwe picha.

Hatua ya 10: Kufunga kazi

Wiki ileile kazi inapotoka, toeni kila kitu nje ya mtandao: hati ya maneno, faili la Figma, PDF za kuchapia, fonti, video kamili, mradi wa Resolve, klipu za asili, fomu za ridhaa. Diski mbili, zikae nyumba mbili. Huduma za mtandaoni hufungwa. Google ilifunga ubao wake wa Jamboard 31 Desemba 2024, na tarehe hiyohiyo InVision, ambayo madizaina wengi duniani waliitegemea, ilizima huduma zake za usanifu. Ambao hawakuwa wametoa kazi zao walibanwa na tarehe.

Kisha ingieni kwenye kila programu, mfungue orodha ya walioalikwa, mwondoe ambao kazi yao imeisha na kuzima linki za wazi. Katibu abaki na ruhusa ya kutazama folda ya michoro iliyokubaliwa, na mwenyekiti akabidhiwe nakala moja ya nembo kwenye flashi, ikiwa na karatasi yenye majina ya fonti na namba za rangi, ili msimu ujao hata wakimtafuta dizaina mwingine asianze kuichora upya kutoka kwenye picha ya boksi.